Kipimo cha Jani la Juu

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mdomo wangu haujazoea kuanza na wewe bila salamu.

Jana mchana nilijilaza kwenye mkeka barazani kwako Mbagala, nikapitiwa na kile kiusingizi cha nusunusu, unasikia kuku wa jirani na huku unaota. Nikakuona umekaa kwenye kigoda, sinia mapajani, unachambua majani ya tumbaku aliyokuletea baba mdogo kutoka Urambo. Hukunitazama. Ulikuwa unayanusa moja moja, kama mama anavyomnusa samaki kabla ya kumnunua. Nilipoamka harufu ilikuwa bado ipo, nikaogopa kujigeuza isije ikaondoka.

Vikopo vyako vitatu vya maziwa, ulivyohifadhia majani, ninavyo mimi. Unakumbuka uliponifundisha? "Jani la chini ya mche ndilo linalowaka," ulisema. "La kati linanukia. La juu ndilo linalopiga. Ukilipendelea moja, umeharibu." Kipimo chako kilikuwa kikombe cha kahawa: viwili vya chini, viwili vya kati, kimoja cha juu, kisha unafunga kwa jani zima ulilolilainisha kwa mvuke wa birika. Sigara nene, za majani matupu, na wewe mwenyewe hukuwahi kuvuta. Zote zilikuwa za mtani wako, Mzee Salumu, Mzaramo wa nyumba ya pili.

Kila Jumapili ukitoka kanisani ulimpelekea moja. "Mnyamwezi umechelewa," anakwambia, "au ulikuwa unabeba mizigo ya watu?" Nawe: "Nimekuletea moto, wewe uliyezoea kulala ukingoja dafu lidondoke." Basi mlikaa hivyo mpaka alasiri. Moshi ulipanda taratibu, wa buluu, ukazunguka kamba ya nguo, na mimi nikiegemea ukuta nilikuwa siwezi kujua mmenyamaza tangu saa ngapi. Sijawahi kupumzika hivyo tena popote.

Halafu Mzee Salumu akaanza kukohoa. Krismasi ya mwaka juzi nilikuja kutoka Tegeta, nikamsikia tangu nikiwa njiani, na nilipoingia uani nikakukuta unamfungia nyingine. Nikakwambia, "Baba, unamuua mtani wako kwa mkono wako mwenyewe." Uliendelea kusokota. Ukasema tu, "Nimekusikia, mama." Nami nikakununia. Foleni ya Tegeta nikaifanya kisingizio, simu nikawa napiga za haraka haraka, na ulipofariki tulikuwa hatujakaa tukaongea vizuri. Hilo ndilo linaloniuma, baba, kuliko hata kifo chenyewe.

Siku ya mazishi mtani alifanya utani wake. Jeneza linataka kutoka, yeye akajilaza mlangoni na kanzu yake nyeupe. "Hatoki mtu. Huyu anaondoka na sigara yangu ya Jumapili, nani atanipa?" Watu wakacheka huku wanalia. Nikajikuta nasema, "Nitakuletea mimi, mzee." Akainuka, akajikung'uta vumbi, akaenda kushika jeneza.

Ahadi ya utani nayo ni ahadi. Nilipofungua vikopo, cha jani la chini kilikuwa kitupu kabisa, cha kati kimebaki kidogo, cha juu kimejaa mpaka kifuniko hakifungi. Nikadhani umekijaza karibuni. Nikamwomba baba mdogo anitumie la chini, nikapima kama ulivyonifundisha, viwili, viwili, kimoja. Ilitoka imepinda lakini ilikuwa sigara.

Mzee Salumu alivuta mara mbili, akakohoa mpaka kofia ikamdondoka. Nikamletea maji. Alipopata pumzi alikuwa anacheka.

"Hii ya zamani hii. Mnyamwezi aliacha kunipa hii tangu mfungo wa mwaka juzi."

"Aliacha vipi?"

"Alikuwa ananipunguzia. La juu kidogo kidogo, mpaka likaisha. Mwishoni nilikuwa navuta la chini tupu, halipandi hata kichwani."

"Na wewe ulijua?"

"Mie nimevuta miaka yote hiyo, nisijue?"

Nikamuuliza mbona hakukwambia. Akaokota kofia, akaipangusa. "Angeona haya, mwanangu. Halafu angeacha kuja."

Nilirudi kwenye vikopo nikakaa navyo chini. Mfungo wa mwaka juzi. Krismasi ulikuwa umeshafika mbali, baba. Nilipokutukana vile, hiyo uliyokuwa unaisokota pengine haikuwa na la juu hata chembe, na mtani alikuwa hapo hapo kwenye benchi, akisikiliza. Ungejitetea kwa neno moja, siri yako ingemwagika mbele yake. Ukachagua mwanao akuone mbaya. Nimelia sana kwa ajili ya hilo, na nimekasirika pia, maana ungeweza kuninong'oneza jikoni. Lakini na mimi ningeweza kuuliza kabla ya kuhukumu. Nisamehe.

Kabla sijaondoka kwake, Mzee Salumu alikuwa amenipa masharti mawili: nianzie ulipoishia wewe, na nisimwambie kipimo. Wiki iliyofuata nikafunga la chini tupu, na la kati kiasi cha kubana kwa vidole viwili, basi. Nikampelekea. Akavuta polepole, hakukohoa. Akafumba macho muda mrefu, jua likiwa limemfika magotini, mpaka nikadhani amesinzia.

"Kali leo," akasema. "Inapiga hasa."

Nikamwambia, "Nisamehe mzee, nimezidisha la juu."

Pumzika, baba. Jumapili zako ninazo.

Binti yako