Usiku wa Ijumaa wa Mzee Salimu

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, Diani nzima matope, na mimi bado nimepigwa na butwaa.

Leo nimeiona kompyuta!

Sikutanii, shajara yangu. Chumba kizima huko Mombasa, chenye ubaridi wa kugonganisha meno, kimejaa makabati ya chuma yanayonguruma. Yanameza kadi zilizotobolewa matundu na kutoa majina yetu sote, wafanyakazi wa hoteli zote tatu za tajiri wetu, kabla hujamaliza kusema bismillahi. Subhanallah! Uhuru tumeupata juzi tu, na tayari chuma kinajua nani kaja kazini na nani hakuja.

Ila kilisema Mzee Salimu hakuja.

Mzee ni mlinzi wetu wa lango. Karatasi iliyotoka Mombasa ilisema mwezi mzima hakuonekana usiku wa Ijumaa, na meneja alikuwa ameshaandika barua ya kumwachisha kazi. Mimi ndiye karani wa wafanyakazi. Nilijua si kweli, nikaomba niende mwenyewe nikaulize.

Bwana Otieno, kijana wa bara anayeiendesha mashine, akanitandazia kadi mezani: zamu nilizopanga mimi huku, daftari la lango kule. Nikaona. 

Kwetu, jua likitua Alhamisi, Ijumaa imeshaingia. Usiku ule ndio usiku wa Ijumaa, hata mtoto wa kijijini Munje anajua, nami ndivyo nilivyoandika. Daftari la lango hufuata kalenda ya ukutani, lenyewe likasema Alhamisi. Basi mashine ikawa inamtafuta Mzee usiku wa kesho yake, siku yake ya kupumzika.

"Dada, sisi huku tunajua kadi tu," akasema Otieno. "Hakuna mtu wa ofisi yenu aliyewahi kuja kutueleza watu wenu wanavyohesabu siku."

Kweli. Wala mimi sikuwahi kuuliza.

Nilitamani kunyamaza, maana kibarua changu nacho kingeweza kuota nyasi. Lakini nikampigia meneja simu, nikamwambia kosa ni langu. Alifoka wee, kisha akasema barua ataichana. Otieno akatoboa kadi mpya, na jina la Mzee likatoka safi. Nililia mbele ya lile dude, sikuona haya.

Jioni nikapita langoni, nikamwamkia Mzee shikamoo, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwani ni nani aliyesema sikuja?"

Ningeweza kusema ni mashine.

"Ni mimi, mzee."



"Haya, mwanangu. Kesho usiku nitakuja. Niandike."