Luka Hakuumwa Malaria

Pongwe,
Tanga.
14 Septemba 1987

Mpendwa mdogo wangu Kristofa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Pongwe. Hujambo? Wifi anaendeleaje tangu ajifungue, na mtoto ananyonya vizuri? Mimi sijambo, ila mgongo tu. Vuli bado, lakini mihogo ipo, na hata sabuni siku hizi tunaiona dukani bila kupanga foleni tangu alfajiri.

Barua yako niliipata. Umeandika tumpe Luka klorokwini, tumfunike blanketi, atapona. Niliisoma mara mbili, kisha nikaitupa kitandani. Kosa la kwanza ni langu, najua. Telegramu niliyokupelekea ilisema tu kwamba mtoto anaumwa, kwa sababu wifi alikuwa na siku nne tangu ajifungue na nilimwogopea. Sasa ana nguvu. Keti, usome yote.

Mwanao hakuumwa malaria. Mwanao alikunywa gongo.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 15 Agosti. Mitihani ya muhula ilikuwa imekwisha, na wanafunzi waliitwa shuleni kufanya usafi. Walipotoka, Luka na rafiki yake Shaib, mtoto wa pekee wa jirani yangu Mwamvua, walikwenda kwa mama mmoja anaitwa Semeni, nyuma ya kambi ya zamani ya mkonge. Mchana kweupe, na sare za shule mwilini! Semeni akawapimia katika chupa ya soda, akapokea chake, akaendelea kupepea moto wake.

Luka alirudi akasema kichwa kinamuuma, akalala. Nikadhani ni jua. Asubuhi alitapika, nami nikamlazimisha twende kanisani, Mungu anisamehe. Tulipofungua vitabu vya nyimbo akaninong'oneza, "Shangazi, mbona kanisani kumejaa ukungu?" Nikamtazama. Kitabu alikuwa amekishika juu chini.

Tulipata lori la chokaa likatupeleka mjini hospitali. Mlangoni mwa wodi nikamkuta Mwamvua amekaa sakafuni. Shaib alikuwa ameletwa alfajiri, hajitambui. Saa nane mchana akafariki. Miaka kumi na sita, Kristofa. Mtoto aliyekuwa akija jikoni kwangu kunichagulia mchele huku akinisimulia mpira, goli kwa goli, mpaka nacheka peke yangu. Hata kusema kwaheri hakuweza.

Daktari aliniambia gongo ile ilichanganywa na spiriti, ile ya mafundi seremala, ili iwe kali na iwe nyingi. Hiyo ndiyo iliyoshika macho ya Luka. Lakini hakuniacha nijifariji kwamba ubaya ni spiriti peke yake. "Mama," akasema, "mwili wa umri huu bado unajengwa, na ubongo nao ni hivyo hivyo. Pombe ambayo baba yake ataimudu, huyu inamwangusha. Na anayeanza mapema hivi, kuja kuiacha ukubwani ni kazi kubwa. Hapa tunawapokea kila wiki. Wengine wamepigana, wengine wameanguka barabarani, wengine ni wasichana walioharibiwa wakiwa hawajijui."

Kila wiki! Na sisi huku tunasema ujana, utapita.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Akajikuna kidevu. "Dada Lea, siku hizi mambo ni ruksa. Kila mtu anajitafutia."

"Ruksa kuua watoto?" nikamwuliza. Akatazama pembeni. Pumzi yake ilinuka gongo, nami nikaelewa kwa nini hakuwahi kuiona njia ya kwenda kwa Semeni.

Basi tulikwenda wenyewe, wanawake kama ishirini, wa kanisani na wa msikitini. Semeni alitukabili na mwiko mkononi. "Sikumkaba mtu koo nikamnywesha," akasema. "Kambi imefungwa, nina watoto wanne. Mlitaka nile nini?"

Nikamwambia, "Njaa yako naijua, hata mimi ninayo. Je, hao wanne wako umewanywesha?"

Akaushusha mwiko. Hakuwanywesha, Kristofa. Alijua anachouza. Tulitoboa mapipa yake, tukamwaga yote, na mabomba tukayapinda mpaka mikono ikatutoka damu. Siku ya tatu polisi walimchukua, na mpaka leo yuko rumande. Wanawe wanakula kwetu kwa zamu, maana wao hawana kosa.

Ungedhani hasira yangu iliishia pale. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini jioni moja wodini nilimwuliza Luka, "Nani alikufundisha kunywa, mwanangu?" Nilitaka anitajie mhuni mmoja nikamtafute.

Akasema, "Baba."

Umesahau? Mwaka jana ulipokuja likizo, siku ya kipaimara chake. Askofu amemwekea mikono asubuhi, na wewe mchana ukamsimamisha mbele ya wageni, ukampa bilauri ya bia. "Kunywa, sasa umekuwa mwanamume!" Alikunja uso, akameza, na watu wakapiga makofi. Aliniambia hajawahi kumwona baba yake akimfurahia namna ile. Kila alipokunywa baadaye, alikuwa akiyatafuta makofi yale.

Nami nilikuwa pale. Nilipiga makofi. Nimemkasirikia Semeni, nimemkasirikia balozi, nimekukasirikia wewe, lakini usiku ninapojigeuza kitandani ni viganja vyangu mwenyewe ninavyovisikia.

Sasa hali yake. Jicho la kushoto limekufa. La kulia linaona kama kwa nyuma ya chandarua kizito, na daktari haahidi zaidi. Mwalimu mkuu amekubali arudi shule. Wenzake wanamsomea, naye anasikiliza. Wiki iliyopita alitoka nyumbani bila kuniambia, akapapasa ukuta kwa ukuta mpaka kwa Mwamvua. Nilipomfuata niliwakuta wamekaa mkekani, wote wawili wanalia. Mwamvua alikuwa akimwambia, "Uwe unakuja. Usiniache."

Umeandika kwamba Desemba utakuja kumbatiza mtoto, na kwamba utaleta kreti za bia. Ziache huko huko. Njoo mikono mitupu. Ukifika, kabla hujala, keti mbele ya Luka umwambie ulikosa, kwa maneno yako mwenyewe. Mimi langu nimeshamwambia, na haikuniua. Kisha nitakupeleka kwa Mwamvua.

Nisalimie wifi, mbusu mtoto kwa ajili yangu, na umfikishie shikamoo zangu baba mkwe wako. Mwamvua anakusalimu, sijui anapata wapi moyo. Mungu awalinde njiani, awafikishe salama.

Luka ameuliza mara tatu kama kweli unakuja. Nimemjibu ndiyo. Usinifanye mwongo, Kristofa, kwa mtoto ambaye uso wangu siku hizi anaujua kwa sauti tu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata kwa hasira hii,
Lea