Mama Mkwe Hataki Kutoka Dukani

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada kabla sijawa kichekesho cha mtaa mzima. Mimi nauza magodoro, duka langu limebanana kati ya kinyozi na fundi viatu, biashara inakwenda vizuri tu ila sijawahi kujisajili kulipa kodi maana kila mwaka nasema mwakani, sasa juzijuzi akaingia dada mmoja wa ofisi ya kodi, kitambulisho kinaning'inia kifuani, akauliza, “Mwenye duka ni nani?” na mimi kwa kiwewe nikamjibu, “Duka gani, dada yangu? Hapa ni chumbani kwetu.”

Akayatazama magodoro yaliyopangwa hadi darini, yako ndani ya nailoni, akauliza tunalala wangapi, nikasema ukoo mzima, na mume wangu aliyekuwa amejinyoosha kule nyuma baada ya kula akakoroma kama anayeugua, basi yule dada akanong'ona, “Samahani, sikujua kuna mgonjwa,” akatoka akinyata. Tangu hapo anakuja kumjulia hali, na kila akitokea, kinyozi hupiga mluzi kutuonya, nasi tunajitupa magodoroni na kujifunika shuka, hata mteja aliyekuja kuulizia bei nilimwambia, “Lala kwanza kaka, nitakueleza,” akalala. Kibaya zaidi nilimwita mama mkwe aje kutuongezea idadi, sasa amelipenda godoro la bei ghali kuliko yote, anasema mgongo umepona, hatoki, na anayetaka kulinunua anaambiwa, “Mwanangu, chumbani kwa watu hupigwa hodi.” Jana afisa kaleta matunda ya mgonjwa. Nililia. Nikikiri naogopa watanifungia duka, nisipokiri siuzi kitu. Nifanyeje?

Muuza magodoro

Muuza magodoro, pole, ila umejitakia. Unadhani yule dada ni mjinga? Ukoo gani unalala juu ya magodoro yenye bei? Amekupa nafasi ya kusema kweli, wewe unampokea kwa mkoromo!

Kesho asubuhi nenda ofisini kwao kwa miguu yako mwenyewe. Mwombe radhi, jisajili, na kama kuna deni la nyuma omba kulilipa kidogokidogo. Aliyejileta ana mdomo wa kujitetea. Aliyefumaniwa chini ya shuka hana. Kuanzia hapo, kila godoro likiuzwa andika, na fungu la kodi litenge siku hiyohiyo, kabla hujafikiria nguo mpya. Pesa ya duka isilale pochi moja na ya nyumbani. Risiti za pango na usafiri zitunze, uulize zipi zitakupunguzia kodi.

Mama mkwe usimfukuze, ni mzazi. Lile godoro limeshatumika, halirudi kuwa jipya. Mumeo alilipie kwa bei kamili, toka mfukoni mwake, mwandikie risiti, na alibebe mwenyewe kichwani hadi nyumbani kwa mama yake.