Damu ya Mke Mwenza

Alhamisi, masika ya 1957

Mvua haijaachia tangu asubuhi. Nimerudi kutoka hospitali na buibui limeroa chapachapa, lakini nimekaa kuandika kabla sijabadilisha nguo. Afadhali niipe mikono kazi.

Mdogo wangu Rukia figo zake zimeharibika tangu alipojifungua. Mtoto hakuishi. Yeye amevimba uso na miguu, na jana midomo ilimpauka mpaka nikaogopa kumtazama. Daktari akasema lazima aongezwe damu.

Mama alitaka atolewe figo yake apewe mwanawe. Akasema hata akifa leo, waichukue. Daktari hakumcheka. Alimweleza taratibu kwamba huko Ulaya wameshajaribu kutoa figo kwa maiti na kuwashonea wagonjwa, na wengi hawakuishi. Mwili huikataa figo ya mtu mwingine. Na kama marehemu alikuwa na maradhi yaliyojificha, mgonjwa huyapokea pamoja na figo, naye hana nguvu ya kupambana nayo.

"Na damu je?" nikamuuliza.

"Damu pia. Ndiyo maana nnauliza sana."

Yangu na ya mama hazikukubaliana na ya Rukia. Ya mumewe, Ame, ilikubali. Keshapandisha mkono wa kanzu, keshajilaza, na daktari alipomuuliza kama ameumwa karibuni akasema yu mzima. Nami nilijua kuwa wiki iliyopita alishikwa na homa, meno yakigongana chini ya blanketi.

Nilimtazama. Akageukia ukutani.

Nikiyasema, Rukia hana damu. Nikinyamaza, anatiwa homa ya mumewe katika mwili ambao hauna kitu.

Nikasema.

Daktari akamtoboa Ame kidole, akalipeleka tone kwenye hadubini. Aliporudi akasema vijidudu vya malaria vimo. Ame alilia mbele yetu sote. Si mtu mbaya. Aliona kusema kweli ni kumuua mkewe kwa mdomo wake.

Kisha akatoka mvuani bila kuaga, na aliporudi alikuwa na Mwanaisha, mke wake mkubwa, wa kisiwa cha Tumbatu kama yeye. Tangu Rukia aolewe, yeye na Mwanaisha hawasemezani. Nilipomuona mlangoni, nilijiuliza ana nini moyoni mwake. Halafu, Mungu anisamehe, nikajiuliza ana nini ndani ya damu yake.

Damu ilikubali. Yakaja maswali. Amewahi kuumwa mpaka macho yakawa manjano? Homa je? Kaswende? Na mumewe amesimama pale pale, na mama yetu amekaa karibu. Niliinuka nitoke, nimsitiri.

"Kaa usikie, Bi Zuhura," akaniambia. "Akizidiwa kesho, msije mkasema nilificha kitu."

Nikakaa. Akayajibu yote, sauti haikupanda wala haikushuka.

Hadubini haikuonyesha kitu. Daktari akatuambia wazi kwamba hiyo si dhamana, kuna maradhi ambayo chombo chake hakiyaoni. Atampa Rukia dawa ya malaria kwa tahadhari, lakini kwa mengine hana kinga ya kumpa. Akataka kauli yetu. Mama akasema bismillahi.

Chupa ikatundikwa. Muda wote nimemshika Rukia mkono, nangoja uanze kutetemeka.

Haukutetemeka.

Baada ya adhuhuri alifumbua macho akaomba uji. Mama alikuwa ameshachota kijiko cha kwanza. Akasita, akamtazama Mwanaisha aliyekuwa ameketi kwenye benchi na pamba imefungwa mkononi, kisha akamkabidhi bakuli na kijiko. Mwanaisha akasogea kitandani. Rukia alimwangalia kwa muda mrefu, nikadhani atageuza uso.

Akafungua kinywa.

Lakini sijidanganyi. Figo bado ni zile zile, na daktari hakuahidi kitu. Amesema damu hii itamtegemeza kwa muda tu, na kama kuna maradhi yamepita nayo, huenda yasijitokeze mpaka baada ya siku kadhaa.

Asubuhi nitakwenda tena. Kabla ya kumsalimia, nitamgusa paji la uso.