Jogoo Niliyenyimwa Kaburini

Mtani wangu, Baba Rashidi,

Shikamoo sikupi, mtani hapewi. Nakuandikia kwa mkono wangu huu wa ngumbaru, maana hapa Mkunya wanakuongopea. Wanasema siku ya maziko yako yule Myao mzee aliruka kaburini kuomba hela. Wote wanasimulia vibaya. Wao walikuwa juu, mimi ndiye niliyekuwa chini.

Si wewe uliyeniusia? "Myao, nikifa usipolala kaburini mwangu, nitarudi nikuburute mwenyewe." Basi nikalala. Na toka Masasi mpaka Newala hajatokea mtani wa kulala kama mimi, wachimbaji wenyewe waliweka majembe chini. Nikasema, "Huyu Mmakonde kanidanganya, eti kisima. Shimo refu hivi, na maji bado hakuna. Sitoki bila jogoo." Watu wakacheka mpaka shehe akaziba mdomo kwa kanzu.

Jogoo tu, Baba Rashidi. Ndiyo mila yetu. Alipokufa baba yako nilipewa kifaranga, nikawasema mwaka mzima.

Lakini mwanao Rashidi si yule niliyembeba mgongoni. Tangu wanunuzi binafsi waachiwe korosho, ana gari lake na mizani yake, na siku ile alikuwa na wageni wake matajiri kutoka Mtwara. Wao viti na chai ya maziwa, sisi mkekani na chai ya rangi. Akainama pale juu, akanong'ona, "Mzee, shika hii utoke. Unaniaibisha." Noti ikaniangukia kifuani. Mtani nikawa ombaomba hapo hapo, nimelala chali.

Nikatoka. Mimi, niliyewahi kugoma kaburini Chilangala mpaka wafiwa wakaleta mbuzi. Noti nikamwachia mchimbaji. Mkono uliniwaka kuishika.

Sasa vijana wananiita Mzee Noti. Na wewe wamekutandazia marumaru, Mmakonde uliyekuwa unaoga kwa umande. Huwezi hata kuota nyasi kama wenzako.

Lala, mtani wangu. Mimi nakuahidi, kila nikipita hapo nitakutukana juu ya marumaru yako, bure, hata mwanao akinifukuza.

Ila lile la watu kucheka nimeongeza mimi. Hakucheka mtu. Walimtazama Rashidi kwanza, waone kama ni ruksa.