Chokea ya Nesi

Kituo cha Afya, Ha'apai
Mei 24

Mpenzi dada yangu Kalolaine,

Pokea salamu za kisiwa kizima, kuanzia kwangu mdogo wako hadi kwa Bibi Vika, ambaye bado anakuita "kale kasichana kenye kelele" ingawa sasa una wajukuu. Goti lako linaendeleaje? Ulisema ngazi za nyumba yenu huko Auckland zinakuua. Shemeji naye, kifua kimepoa? Huku hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, viazi vikuu vimeshiba, na watoto walisoma aya zao kanisani siku ya Faka Me, sikukuu yao, bila hata mmoja kulia, isipokuwa mwalimu wao.

Dada, nina habari ndefu, na nakuomba uisome ukiwa umekaa.

Tangu Februari nimekuwa nesi wa kope tu. Sijui ni vumbi au ni mikono michafu, lakini kila asubuhi benchi langu lilijaa watu wenye vivimbe machoni. Wengine walikuwa na chokea ya kawaida, ile nyekundu inayouma pembeni mwa ukope. Wengine walikuwa na kinundu kigumu kisichouma, ndani kidogo, pale kitundu cha mafuta ya kope kinapoziba. Wote niliwapa dawa ileile: kitambaa safi, maji ya uvuguvugu, dakika kumi, mara nne kwa siku, kisha kukanda taratibu kuelekea kwenye nywele za kope. Na wote niliwaonya wasiminye wala kutoboa.

Kati yao alikuwepo Makasini. Ndiyo, Makasini yuleyule uliyemkataa ukiwa na miaka ishirini na mbili, ukasema ana miguu kama mianzi. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita, nadhani nilikuandikia. Alikuja na kinundu kwenye ukope wa juu, na alikuwa ameshakitoboa kwa mwiba wa mchungwa! Dada, nilimwaibisha mbele ya benchi zima. Nilimwuliza kama jicho lake ni jipu la nguruwe. Akanitazama kwa lile jicho moja lililobaki zima, akasema, "Nesi, punguza sauti. Hata jicho lisiloumwa limeanza kulia." Watu wakacheka hadi mimi nikacheka.

Kwa kuwa nyumbani kwake hana mtu wa kumkumbusha, nilimwamuru aje hapa kituoni kukandwa. Alikuja kila siku kwa wiki sita. Anakaa, ameinua uso, kitambaa jichoni, huku anasimulia. Sikujua kama mtu yule anajua kusimulia. Kinundu kikapungua kidogo kidogo mpaka kikaisha. Nikamwambia kikirudi palepale asikae nacho, aende kwa daktari akachunguzwe, maana kinundu kinachorudirudi mahali pamoja si cha kuchezea, hasa kwa watu wa umri wetu. Akajibu, "Umri wetu? Sema umri wako." Lakini siku iliyofuata alikuja tena, jicho zima kabisa, eti kuleta magimbi.

Sasa sikia yaliyonipata mimi. Jumanne ya wiki ya Faka Me niliamka ukope wa kushoto unawasha. Mchana palikuwa pamevimba kama punje ya mahindi. Mimi, Kalolaine! Mimi niliyewapigia watu kelele miezi mitatu! Nikavaa miwani ya jua ndani ya kituo. Bibi Vika aliponiuliza kama nimekuwa mwimbaji wa redio, nikasema jua ni kali. Siku hiyo anga lilikuwa limejaa mawingu.

Alhamisi asubuhi jicho lilikuwa limefumba, shavu limevimba, na mwili ulikuwa na homa. Nilipotokea kituoni, Bibi Vika alinivua miwani kwa mkono wake bila kuomba ruhusa, akapiga ukelele. Nikamwambia ni nyigu. "Nyigu mwenye kucha?" akauliza. Dada, hapo niliogopa kweli. Najua uvimbe wa jicho unaosambaa na homa juu yake unaweza kufanya nini. Najua nimewaambia watu wangapi wasisubiri hata saa moja.

Aliyenivusha kwenda hospitali kule kisiwa cha Lifuka ni Makasini. Alitoa mashua yake bila kuvaa hata shati. Njia nzima bahari ilikuwa inaturusha, nami nimejikunyata na taulo usoni nikiwaza nitakuwa nesi gani mwenye jicho moja. Hakunikemea. Alisema tu, "Lesieli, mimi nilikuja kwako nikakaa wiki sita nimekuamini. Leo kaa tu, uniamini mimi." Ndiyo mara ya kwanza kuniita kwa jina langu.

Daktari, msichana mdogo mwenye macho makali, alinitibu kwa sindano na vidonge, akanilaza siku mbili. Akaniuliza taratibu, "Mama, uliiminya?" Nikajibu nililala vibaya. Jumamosi uvimbe ulikuwa umeshuka, nikaruhusiwa, na Jumapili nilikaa kanisani na jicho la zambarau, nimejifunga kiunoni mkeka wangu mzuri wa heshima. Watoto walisoma mstari mmoja wakinitazama mimi na mstari mwingine wakimtazama mchungaji. Tangu hapo wanawake wa mtaa wamepangiana zamu ya kunichemshia maji. Wananikanda huku wakinisomea maonyo yangu mwenyewe, neno kwa neno, na kwa sauti yangu! Nimecheka wiki hizi tatu kuliko miaka tisa yote tangu Folau, marehemu mume wangu, aondoke.

Basi, dada, nikuambie ukweli ambao daktari hakuupata. Niliiminya. Jumatano jioni nilisimama mbele ya kioo, nikaiminya kwa vidole hivi hivi, mimi mwenye cheti ukutani. Niliiminya kwa sababu Makasini alikuwa ameomba kuja kula nasi Jumapili, baada ya kanisa, na sikutaka anione na ukope uliovimba. Nina miaka hamsini na moja, nikawa mjinga kama wa miaka kumi na sita.

Alikuja hivyo hivyo. Alikula, akanitazama jicho langu la zambarau mbele ya wanangu wote, akasema ni zuri kuliko mazima yote aliyowahi kuyaona. Kisha akaniomba niolewe naye.

Nimesema ndiyo, Kalolaine, lakini nikamwambia arusi haitatangazwa mpaka nisikie kutoka kwako. Najua ulimkataa wewe, na sijui kama lilibaki jambo moyoni. Kama lipo, niandikie waziwazi, nitalisikiliza. Kama halipo, ni Agosti, Jumamosi ya pili, na nataka wewe ndiye unifunge kiunoni mkeka wa arusi.

Msalimie shemeji, wabusu wajukuu, na ulitunze goti hilo. Makasini anakusalimia pia. Anasema nikuambie miguu sasa imenenepa.

Mdogo wako anayekupenda na mwenye macho mawili mazima,
Lesieli