Kuku Wanaochinjwa kwa Jina Lako

Mtaa wa Sakina, Arusha
Jumamosi, baada ya alasiri

Baba,

Shikamoo. Naapa nitakueleza yote, hata yale ambayo Mama hataki yakufikie kaburini.

Ile hoteli ya Njiro uliyokuwa ukichinjia haijaajiri mchinjaji mwingine. Wiki ile ile tuliyokuzika, bosi alikuza picha yako ya kanzu, akaitundika mapokezi na kuandika chini yake: "Mzee Shabani, mchinjaji wetu. Halali kabisa." Wageni wa Omani na Malaysia wanaipiga picha. Wengine wanakutumia salamu jikoni.

Anayechinja ni mpishi Elibariki. Anavaa kofia yako, ile iliyobaki kwenye kabati la wafanyakazi. Pale uani anayeelekea kibla anatazamana na Mlima Meru, basi yeye anadhani mlima ndio uliokuwa ukiuomba. Meru ikionekana, anamgeuza kuku huko kwa heshima. Siku za mawingu anacheka: "Leo mlima umelala. Kuku, jifie unavyotaka."

Jumatano nilikwenda kumsubiri Mama, ambaye bado anafua mashuka pale. Nikasema, "Shikamoo kaka Elibariki, lakini nyama hiyo ni kibudu."

Akajibu mbele ya wafuaji wote: "Kibudu ni baba yako. Kafa mwenyewe, bila kuchinjwa."

Walicheka, Baba. Mama naye alicheka, kwa sababu bosi alikuwa amesimama mlangoni.

Nilimfuata bosi ofisini. Nikamweleza kwa adabu kuwa ustadhi ametufundisha mwanamke Mwislamu akichinja ni halali, na kwamba jogoo wa Idi ulinipa mimi nimchinje, ukasema, "Mkono wako mwepesi, hautesi." Nikaomba nichinje siku za likizo. Akaitazama sketi yangu ya shule.

"Binti, wageni hawali bismillahi yako. Wanakula ndevu za baba yako pale ukutani."

Kisha akaniagiza: kesho Jumapili wageni wakifika, nisimame chini ya picha na kuwaambia Baba yuko jikoni. Nikikataa, Mama asirudi kazini. Mama ameshanifulia mtandio mweupe. Ameniomba nitabasamu.

Namkumbuka Mama Neema, jirani yetu Mlutheri. Mbuzi wake wa Krismasi hakuguswa mpaka ufike. "Shemeji njoo na kisu chako, tule sahani moja." Yeye hakuhitaji picha yako. Alikuhitaji wewe.

Pumzika, Baba. Nakuahidi kesho nitawaambia wageni kwamba umefariki, na maiti hachinji. Huenda mmoja wao akasema, basi achinje binti yake. Bado natumaini. Ila Zuhura wako anataka jibu kabla hawajafika, hata kwa ndoto: Mama akifukuzwa, nimwambie ni wewe uliyenituma, au ni mimi tu?